Sweta la Mkono Mmoja

Simu imeingia alfajiri, mvua ikitwanga bati,
nusu ya maneno nimeyakisia.
Karani wa bandari ya Itungi anapiga kelele:
meli inashuka majini Alhamisi,
wa ng'ambo ruksa,
kile kijiti cha puani hakitakiwi tena,
mama, njoo na cheti cha chanjo
na nauli kamili, chenji hatuna.

Miaka miwili cherehani yangu hapa Tukuyu
haikuonja gauni.
Vitambaa vya maharusi walioahirisha
nilivikata vipande vya kufunika mdomo.
Zimebaki barakoa mia na kitu guniani.
Leo nazinyofoa kamba za masikio,
naziunga ncha kwa ncha,
nafungia sanduku lililokufa zipu.

Mchele wa Kyela uliopanda mlima kuja kwangu
sasa unateremka kwao kama mgeni aliyechoka.
Majani ya chai, robo tatu.
Maparachichi magumu kama mawe ya mto Kiwira,
yataiva yenyewe humo melini.
Na vidonge vya kichefuchefu,
maana sisi watu wa huku juu
maji tunayoyajua ni ya kutoka mbinguni.

Gwamaka, mjukuu wangu, kaingia kwenye karai la kufulia,
binamu zake wanalitikisa.
"Bibi, tazama, sijatapika!"
Naye haendi. Sijamwambia bado.

Cheti kimenitoa jasho.
Si kwenye Biblia, si chini ya godoro,
si kwenye kopo la biskuti lenye stakabadhi za marehemu.
Nimekikuta kwenye droo ya cherehani, kimelaliwa na vifungo,
na jina wamekosea: Sabilaga.
Nimeshika kalamu, nikaiweka chini.
Nikisahihisha, watasema nimeghushi;
nikiacha, watasema si mimi.
Basi, nitakuwa Sabilaga hadi ng'ambo.

Mama aliondoka wakati ule
ambapo hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina lake.
Tulimfukiza kwa majani ya mlimao, shuka juu ya shuka,
akatuomba tumfunue aone mvua.
Kwenye karatasi waliandika: changamoto ya upumuaji.
Tulizika watu tisa, tumeachana hatua,
na ndugu yangu Ikupa yuko Nkhata Bay,
mpaka umefungwa, meli imefungwa,
amesimama ufukweni akitafuta mtandao.
Nilimshikia simu juu ya kaburi.
Bando likaisha kabla ya udongo.

Hatujalizungumza hilo.
Tunaulizana bei ya sukari.

Juu kabisa ya sanduku nimeweka sweta.
Mama alikuwa akimfumia mtoto wa Ikupa, yule wa mwisho,
ambaye sasa, naambiwa, anavaa viatu namba nane.
Mwili umekamilika, shingo imekamilika, mkono mmoja.
Wa pili umeishia juu ya kiwiko,
bado uko kwenye sindano.
Tumpale, jirani, amelibonyeza akacheka:
kule ni joto, nani atavaa manyoya?
Fumua, dada, nyuzi ni ghali siku hizi.

Sikumjibu.
Mimi najua kushona kila kitu chenye mshono.
Lakini Mama alitugawa tungali wadogo:
mimi akanikalisha kwenye cherehani,
Ikupa akampa sindano mbili.
Tangu hapo, kila mmoja
hajui nusu ya mwenzake.

Mvua imepungua. Viatu havitakauka, najua.
Barakoa mbili nimezitia mkobani hata hivyo,
sheria hulegea, nayo hukaza.
Kisha nimetafuta vizibo viwili vya chupa ya dawa ya kikohozi,
nikavichomeka kwenye ncha za sindano,
njia ya kuteremka ni ya mitikisiko
na ziwa sijui lina tabia gani.
Vitanzi ishirini na saba.
Nimevihesabu mara mbili.